Tundu la Ishirini: Miaka Thelathini na Minane ya Bi Ouida Satterfield Dukani kwa Anglin

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, ikigonga saa kumi na moja jioni, Bi Ouida Satterfield atafunga droo yake ya dhahabu katika Duka la Sarafu la Anglin, hapa kwenye uwanja wa katikati ya mji wa Dahlonega, na hataifungua tena. Ametumikia miaka thelathini na minane na siku ishirini na sita. Hizo siku ishirini na sita nimezihesabu mara mbili, maana yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuusoma ukurasa huu, tena kwa kioo chake cha kukuzia, akitafuta kosa.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Burl Cagle, ninayeuza sarafu za fedha kwenye kaunta ya ubavuni mwake tangu mwaka 1993. Familia ya Anglin wameniomba mambo matatu: nisizidishe kurasa, niwe na adabu, na nisiseme lolote kuhusu gari lake. Nitajitahidi. Lakini gari lile, jamani!

Bi Ouida hakuzaliwa katika sarafu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mkaguzi wa mishono kwenye kiwanda cha mashati kule Gainesville. Shati likipita mbele yake na uzi mmoja umekosea njia, halikwenda sokoni. Kiwanda kilipofungwa, akaja kwetu kuomba kazi ya usafi. Marehemu Mzee Hoyt Anglin, aliyeanzisha duka hili, alikuwa mtu wa maneno machache na tai pana, na hakuwahi kumwajiri mtu bila kumpima, hata wa kufagia. Akamtandikia kitambaa cha mahameli nyeusi, akampangia robo kumi juu yake, akamwambia atazame tu.

Robo, kwa wageni watakaokula kuku wetu leo bila kujua tunachouza, ni sarafu ya dhahabu ya dola mbili na nusu, ndogo kama kifungo cha koti. Zetu zina herufi D kwa sababu zilifuliwa hapahapa mjini petu, kwa dhahabu ya milima hii, kabla ya vita ya Kaskazini na Kusini kuja kukifunga kiwanda cha kufulia sarafu. Watu huzitafuta maisha yao yote. Wengine hufa bado wanazitafuta.

Bi Ouida alizitazama kumi zile dakika chache, kisha akaisukuma moja pembeni kwa kidole. "Hii herufi imeshonewa baadaye," akasema.

"Imeshonewa?" Mzee Hoyt akauliza.

"Ndiyo, mzee. Uzi wake si wa kitambaa hiki."

Kweli bwana, mjanja mmoja alikuwa amechukua robo ya kawaida iliyofuliwa Philadelphia akaibandikia D. Jambo ambalo Bi Ouida hakulijua ni kwamba Mzee Hoyt hakuwa ameiweka pale kama mtihani. Aliinunua mwenyewe kwa moyo mweupe, na ilikuwa imelala ndani ya sefu yake miaka tisa. Alimwajiri palepale, kisha akaingia ofisini akafunga mlango mpaka saa tisa alasiri.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Ndani ya miaka mitano walikuwa wakimpigia simu kutoka New Orleans na Richmond kumuuliza juu ya sarafu ambazo hata hajaziona, na yeye anawajibu huku anamenya karanga za kuchemsha. Aliweza kuitambua robo ya 1842 kwa jinsi tai anavyoshika mshale. Lakini jina la mtu lilimtoka kichwani kila mara, na kwa miaka miwili ya kwanza mimi aliniita Carl. Sikumsahihisha. Nilimwogopa.

Watu wengi hapa wanakumbuka habari ya dawa ya meno. Mwaka 1994 daktari wa meno mmoja, ambaye jina lake nalificha kwa kuwa amekaa meza ya tatu na amevaa tai ya bluu, alileta sarafu ya dhahabu ya dola tano ya babu wa babu yake. Alikuwa ameisugua kwa dawa ya meno usiku kucha ili ipendeze, na ikawa inang'aa kama kijiko kipya. Sasa, kwa watu wetu, dhahabu ya zamani ina ngozi. Miaka mia na hamsini ya hewa na mifuko na masanduku huijengea rangi yake, na ukiisugua umeichuna ngozi hai. Bi Ouida aliitazama. Akaenda mlangoni, akageuza kibao kikasomeka TUMEFUNGA, akashusha pazia, akarudi kukaa.

"Tunafanya nini?" daktari akauliza.

"Tunaomboleza," Bi Ouida akasema, na akanyamaza dakika tano nzima kwa saa ya ukutani. Ndipo akafungua pazia na kumfundisha. Daktari ni mteja wetu mpaka leo, na nasikia hata miwani yake haifuti kabla hajapiga simu kuuliza.

Niliahidi kutotaja gari, kwa hiyo nitataja mizigo tu. Tulipokwenda maonyesho ya sarafu, wenzetu walikuwa na mikoba ya chuma yenye kufuli mbili, ambayo ni sawa na kubandika tangazo mgongoni. Bi Ouida alibeba dhahabu ya duka ndani ya mfuko wa nepi za mjukuu wake. Juu aliweka moja iliyotumika. Mjukuu yule sasa ana miaka ishirini na nane, ni zimamoto, na nepi zake zimelinda mali nyingi kuliko polisi wa wilaya.

Ah, siku zile. Niseme wazi kwamba nazikumbuka mpaka kifua kinauma. Bei zilikuja kwa posta, kwenye karatasi za njano, na kila aliyezipokea alidhani ni yeye peke yake anayejua siri. Jumamosi asubuhi wakusanyaji walikuja na mbao zao zenye matundu, tundu moja kwa kila mwaka, wakaziegemeza ukutani kama wachoraji wanavyoegemeza picha. Palikuwa na kahawa chungu, maandazi yetu ya siagi yenye soseji ndani, na ubishi. Mtu aliweza kuendesha gari saa tatu kuja kuonyesha sarafu moja, asiuze, asinunue, akanywa kahawa akaondoka ameridhika. Siku hizi sarafu zinakuja zimefungwa kwenye plastiki ngumu, na karatasi ndogo inakuambia uione vipi. Watu wananunua kwenye simu wakiwa kitandani. Wanapata sarafu, sikatai. Ila hakuna wa kuwaambia wamepigwa.

Katika wale wa Jumamosi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka alikuwa Mzee Verlon Dockery, dereva wa basi la shule. Kama ulisoma wilaya hii, amekupeleka. Mwaka 1968 nyanya yake alimwachia robo moja ya 1843 iliyokuwa imeshonewa kwenye pindo la sketi, na kutoka hapo akaamua kuzikusanya zote: robo za Dahlonega, kila mwaka zilipofuliwa. Ni ishirini. Kwa mshahara wa dereva, mtu wa namna hiyo hupata moja kwa mwaka, akibana sana. Mwaka 1988 alikuwa amefikisha kumi na tisa. Likabaki tundu moja tu, la 1856.

Mwaka ule zilifuliwa mia nane na sabini na nne tu, na zilizobaki duniani ni za kuhesabu. Bi Ouida, akiwa bado mwanagenzi mwenye miaka miwili kazini, alimwambia mbele ya watu wote, "Mzee Verlon, sitoki duka hili mpaka nikupatie hiyo." Mzee Hoyt alikohoa. Wote tulio katika biashara hii tunajua kwamba mtu haahidi sarafu. Unaahidi kutafuta, basi. Yeye aliahidi kupata, na kuanzia siku ile Mzee Verlon alilala usingizi kwa neno lake.

Hapa naomba dada Marcelle, binti wa Mzee Verlon, ambaye najua anamsomea baba yake ukurasa huu mezani, apunguze mwendo. Msomee vizuri, Marcelle. Nimengoja miaka ishirini na saba kuandika aya zinazofuata.

Aprili 1997 tulikwenda maonyesho ya Atlanta, Bi Ouida na mimi na nepi. Kwenye meza ya muuzaji wa Alabama, mtu mmoja alikuwa ameshika robo ya 1856. Kwetu kuna adabu ambayo haijaandikwa popote wala hakuna anayeivunja. Sarafu ikiwa mkononi mwa mtu, wengine hawaisemei. Hawaulizi bei, hawasogei. Akiirudisha kwenye kitambaa, wa kwanza kusema "naichukua" ni yake, na hata akija tajiri na mara tatu ya bei, neno limeshatoka. Yule mtu akaigeuza, akatikisa kichwa, akairudisha. Bi Ouida alikuwa hatua moja kutoka mezani. Nilimwona akivuta pumzi ya kusema.

Sasa, robo za 1856 zina jambo lao. Mihuri ya chuma ya kuzigongea ilikuwa imechoka, kwa hiyo zilitoka na uso hafifu siku ileile zilipozaliwa. Asiyejua akiiona atasema imelika kwa kupita mikono mingi. Anayejua hatazami pua ya bibi aliyechorwa upande wa mbele, anatazama ngozi. Bi Ouida alijua. Alikuwa ameisomea sarafu ile miaka tisa bila kuiona hata mara moja.

Mimi nilikuwa mtu wa sarafu za fedha, si za dhahabu, nina miaka minne kazini, na nilitaka sana ionekane kwamba nina macho. Nikamnong'oneza sikioni, "Imelika hiyo, Ouida. Uso umekwisha. Usimpelekee mzee wa watu takataka."

Akanigeukia. Sekunde tatu, labda nne.

"Naichukua," akasema Bwana Crowell wa Charlotte, mzee mnene aliyekuwa upande wa pili wa meza, na wala hakupaza sauti.

Basi ikaenda. Ulimi hauna mfupa, wanasema, na wangu siku ile ulikuwa na mafuta. Tuliendesha gari kurudi nyumbani mpaka tukapita mji wa Cumming. Nilipoanza kuomba radhi, Bi Ouida alinikata. "Wewe umesema ulichokiona," akaniambia. "Mdomo wa kusema naichukua ulikuwa wangu. Washa redio." Redio ya gari lile haikuwa imefanya kazi tangu mwaka themanini na tisa, lakini niliiwasha.

Jumamosi yake Mzee Verlon alikuja. Bi Ouida hakungoja aulize. Alisimama mbele ya watu kumi na kitu akasema, "Niliiona, Mzee Verlon. Ilikuwa mbele yangu, nikasita. Ikachukuliwa." Hakusema kwa nini alisita. Mimi nilikuwa kwenye birika nikimimina kahawa, kikombe kikajaa kikanimwagikia mkononi, na sikusema kitu.

Mzee Verlon si mtu wa kinyongo, ila utani wake una miiba. Tangu siku ile, kila Jumamosi akifika mlangoni alipiga kelele, "Bi Ouida! Umeshaamua, au bado unafikiria?" Duka zima linacheka. Mwaka wa kwanza, wa tano, wa ishirini. Wakaja wateja wapya ambao hawakuijua hata hiyo Atlanta, wakajifunza kucheka. Mhubiri aliwahi kuutumia kanisani kama mfano wa roho inayosita. Na mimi nilikuwa nacheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mzee Verlon, aliyesema imelika ni mimi. Bi Ouida hakusita kwa ujinga. Alisita kwa sababu rafiki yake alimdanganya bila kujua, kisha rafiki huyo akajua na akanyamaza.

Sikumwomba Bi Ouida ruhusa ya kuandika haya. Angekataa.

Tuendelee na kazi zake, maana bado zipo. Kuanzia Krismasi ya mwaka ule alimwandikia Bwana Crowell kadi, na ndani ya boksi akaweka peremende za njugu alizozipika mwenyewe. Ujumbe ulikuwa uleule kila mwaka: siku ukiamua kuiuza, mimi nipo. Bwana Crowell hakujibu. Kadi ya pili, kimya. Ya kumi, kimya. Mimi nilimwambia kwamba anamnenepesha tu mtu wa watu bure. Alinijibu kwamba subira huvuta heri. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akaniambia tumbo ni lake, la Crowell anajua Crowell.

Mwaka 2018 alifikisha miaka sitini na mitano, umri wa kustaafu. Keki iliagizwa. Siku mbili kabla, alimwendea Renee Anglin, binti wa Mzee Hoyt anayeendesha duka sasa, akamwambia, "Mwanangu, bado nina tundu moja." Keki tuliila hata hivyo, maana jina lilikuwa limeshaandikwa. Mwaka 2021 tuliagiza nyingine, na hiyo nayo tuliila yeye akiwa kaunta anahudumia. Mgongo ulikuwa unamsumbua, mumewe Doyle alikuwa ameshanunua mashua ndogo ya kuvulia samaki na inaota majani nyuma ya nyumba, lakini neno lilikuwa limetoka.

Kisha macho ya Mzee Verlon yakaanza kuzima. Ulikuwa ugonjwa ule unaokula katikati na kuacha kandokando, kwamba akikutazama usoni haoni uso, anaona masikio. Daktari alimwambia hata kandokando hakutadumu. Yeye aliyezoea kupokea sarafu, akaiinua kwenye mwanga na kutusimulia hadithi yake, sasa alianza kutuuliza sisi, "Mnaonaje?" Bi Ouida alikuwa akimjibu vizuri, kisha anaingia chumba cha nyuma. Mara moja nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya sefu, kioo chake cha kukuzia kimening'inia shingoni, analia kama mtoto. "Atakufa gizani na tundu lake, Burl," akaniambia. "Na mimi ndiye niliyemuahidi."

Hata hapo, ndugu zangu, sikwenda kumwambia mzee ukweli. Nilimletea Bi Ouida leso.

Januari mwaka huu ikaja barua kutoka Charlotte. Bwana Crowell alikuwa amefariki Novemba, na mjane wake aliandika kwa mkono, kwenye karatasi ya bluu. Alisema mumewe hakuwa mtu wa kuandika, ila kadi zote ishirini na sita alikuwa amezifunga kwa utepe ndani ya droo ya sarafu, na ya ishirini na saba ilifika baada ya mazishi. Alikuwa ameacha neno kwamba nyingine zote ziende mnadani, lakini ile ya 1856 auziwe yule mama wa peremende. Bei sitaitaja. Mzee Verlon aliuza trekta na kipande cha shamba cha kando ya mto, na Marcelle aliweka sahihi bila kununa.

Jumamosi ya tarehe 16 Machi wote tulikuwepo. Mzee Verlon aliingia ameshikwa mkono na bintiye, ubao wake wa matundu ishirini kwapani, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele mlangoni. Sarafu ilikuwa juu ya mahameli, ndani ya ile plastiki ngumu. Bi Ouida akamwekea mkononi. Mzee akaipapasa, akaupapasa ubao, akajaribu, akasimama.

"Hili boksi haliingii tunduni, Bi Ouida."

"Haliingii, mzee. Burl, nipe koleo."

Niliruka kutoka kwenye kiti. Mtu yeyote wa biashara hii angeruka. Plastiki ile ndiyo cheti chake. Ukiivunja, kesho mnunuzi atakuuliza maswali mia, na koleo likiteleza umekwaruza kitu ambacho hakina mwenzake. "Ouida, usithubutu!" nikasema. "Hebu fikiri kwanza—"

"Burl," akasema bila kugeuka, "safari hii nyamaza."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani wetu wa kila siku. Nikampa koleo. Aliibana pembe, ikalia kama jino linalong'olewa, akaipasua hadi mwisho na kuitoa sarafu kwa kuishika kingo tu. Akaiweka kwenye kiganja cha Mzee Verlon.

Mzee akaisogeza karibu na shavu, akageuza kichwa pembeni kama kuku anavyotazama punje, ili aipate kwenye lile kandokando lililobaki. Alihangaika nayo muda mrefu. "Sikioni kichwa cha bibi," akasema.

Marcelle akainama. "Baba, hata mimi sikioni sawasawa. Kama kina ukungu."

"Hakuna anayekiona, Mzee Verlon," Bi Ouida akasema. "Alizaliwa hivyo."

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka Marcelle akamshika. "Kumbe!" akasema. "Miaka hamsini na sita natafuta sarafu, kumbe nayo inangoja nipofuke tulingane!"

Akalitafuta tundu kwa kidole, akaiweka juu yake, akaikandamiza kwa dole gumba, katikati ya uso. Kwa watu wetu uso wa sarafu hauguswi. Jasho la dole huacha alama, na alama hiyo huenda na sarafu mpaka mwisho wa dunia. Duka lilikuwa limejaa watu wanaolijua hilo, na hakuna aliyefungua mdomo. Bi Ouida aliweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, wakasukuma pamoja, ikaingia.

"Basi," Mzee Verlon akasema, anajifuta macho, "ile ya Atlanta nimekusamehe, Bi Ouida."

"Asante, Mzee Verlon," akajibu. Hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. Alisamehewa kosa langu mbele ya watu thelathini, akashukuru, na mimi niliyekuwa nimefungua mdomo nikaufunga tena. Nilikula andazi. Sikujua hata ladha yake.

Alasiri ileile aliandika barua ya kustaafu, mistari mitatu. Renee hakuthubutu kuagiza keki mpaka wiki iliyopita.

Kwa niaba ya familia ya Anglin, wafanyakazi wote, na kila mtu aliyewahi kukemewa pale kaunta, tunamshukuru Bi Ouida kwa macho yake, ukali wake na neno lake. Tunamshukuru Doyle kwa kutuazima mke Jumamosi zote hizo. Meza ya chakula iko upande wa kushoto. Pai ya viazi vitamu ni ya Marcelle, na kuku ni wa kutosha.

Bi Ouida, tunakutakia siku nyingi zenye afya, mgongo uliotulia, samaki wanaoshika ndoano, na asubuhi za Jumamosi za kulala mpaka jua liingie chumbani. Ukiondoka jioni hii chukua maua, chukua saa ya ukutani ambayo Renee amekufungia, chukua na mfuko wa nepi. Lakini Atlanta usiibebe, dada yangu. Haikuwahi kuwa yako. Umeibeba miaka ishirini na saba ili mimi nitembee wima mbele ya watu hawa, nami leo, wakiwa wote wananitazama, naipokea.